Ufunguo Mwembamba

Jumapili, Murusagamba. Manyunyu tangu asubuhi, migomba imelowa hadi imeinama. Sikwenda misa. Nilimwambia jirani kuwa kichwa kinaniuma.

Si kichwa.

Nina gari dogo. Mume wangu, anayefanya kazi Biharamulo, alininunulia mwaka jana. Ni la Kijapani, limetengenezwa lifanane na magari ya zamani: taa za duara, usukani mwembamba, rangi ya maziwa. Ninalipenda kupita kiasi. Kasoro yake ilikuwa ufunguo. Kichwa chake cha plastiki nyeusi kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni. Kwenye kila shimo la barabara kilinigonga goti. Tena kiliharibu sura yote ya gari.

Wiki iliyopita nikaenda kwa fundi funguo wa pale mjini Benaco. Akauhamisha mti wa chuma wa ufunguo, pamoja na kile kidude kidogo ambacho gari hukitambua ndipo liwake, akavipachika kwenye kichwa kipya cha pembe ya ng'ombe. Kazi nzuri. Mimi nikaona bado kinene. Jumatano nikachukua tupa nikakipunguza mwenyewe, nikakipaka mafuta kikang'aa. Nikakipiga picha nikaiweka hapa hapa bloguni. Mliosifia mtaona leo haipo. Nimeifuta.

Sikujaribu kuwasha gari.

Alhamisi mchana, jua kali, nimerudi kula kutoka shule ninayofundisha, mwanamume alikuja mbio hadi mlangoni kwangu. Tangu Burundi ichafuke, wakimbizi hupita kijijini kwetu karibu kila siku, kwa hiyo sikushangaa kumwona. Jina lake Melkiadi. Mkewe, Spesioza, alikuwa ameshikwa na uchungu kwenye shamba la mihogo chini ya shule, na mtoto hatoki. Kihangaza changu na Kirundi chake ni ndugu, hakuhitaji kurudia.

Nikaingia garini, nikazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikazima. Nikajaribu tena na tena. Ndipo nikautoa na kuutazama vizuri: tupa yangu ilikuwa imekifikia kile kidude, kimepasuka. Ufunguo wa akiba ulikuwa Biharamulo kwa mume wangu.

Melkiadi akauliza kuna nini.

Nikasema betri.

Tukashuka shambani; Melkiadi na majirani wakafunga kitenge kwenye miti miwili, wakambeba mkewe. Nilifuatana nao kuelekea zahanati nikimfunika Spesioza jua kwa mwavuli, kana kwamba mwavuli ulikuwa msaada. Mtoto alizaliwa njiani. Wa kike. Hakulia.

Zahanati muuguzi alianza kusema kwamba wangefika mapema kidogo, kisha akanitazama, akaishia hapo. Melkiadi akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mwalimu. Ulijaribu."

Ningefurahi kama angenitukana.

Ijumaa mume wangu alikuja na ufunguo wa akiba, mnene kama ule wa kwanza, na gari likawaka papo hapo. Nilimweleza yote. Akaniambia nisijitese, huenda mtoto asingepona hata kwa gari. Huenda. Hilo sitalijua kamwe, na naona aibu jinsi nilivyolikumbatia neno hilo.

Leo wenzangu walipokuwa misani, nilikwenda zahanati. Melkiadi alikuwa ametoka kutafuta kuni. Spesioza alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilimmiminia uji, kisha nikamwambia kwamba haikuwa betri. Nikamweleza kuhusu pembe na tupa. Nilipofika mahali pa kusema nilitaka ufunguo upendeze, sikuliruka.

Alinigeukia. Uji ukapoa.

"Sasa linawaka?" akauliza.

"Linawaka."

"Mama mkwe wangu tulimwacha upande huu, karibu na mpaka, kwenye nyumba ya watu. Miguu imemvimba, hawezi kutembea. Kamlete."

Akageukia tena ukuta. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba.

Mto wa njia ya mpakani umejaa kwa mvua za milimani, leo hakuna gari linalovuka. Wanasema hadi alfajiri maji yatakuwa yamepungua. Nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na Melkiadi atanionyesha nyumba. Naye nitamwambia ukweli kabla hajapanda garini.

Bibi yule akiniuliza mimi ni nani kwao, nitamjibu nini?