Kipande Kimoja cha Bidoni

Mjini Baraka, siku iliyofuata Idi

Dada Sumaya,

Pokea salamu zetu. Ndagala, dagaa wetu, ni wengi ziwani wiki hii. Mama anamwambia kila mteja anayekuja kuwanunua kwamba huko Ubelgiji unatengeneza plastiki ya moyo wa bandia, isiyochakaa wala kugandisha damu. Mimi ninayemkanda miguu yake iliyovimba, hanitaji.

Baba alipochinja mbuzi, nilichovya kwenye damu vipande vya plastiki nilivyokata kwenye bidoni za maji na ndoo. Mama akacheka: "We Zaina, unataka kuwa Sumaya? Sumaya iko moja tu!" Alicheka mpaka pumzi ikakatika, tukamkalisha.

Damu iliganda kwenye vipande vyote isipokuwa kimoja. Sikuambii ni kipi. Njoo ukione mwenyewe, Mama akiwa bado anaweza kucheka.

Mdogo wako,
Zaina