Meza ya Makame na mashine ya stakabadhi

Jumatano, Kilindoni. Mvua tangu alfajiri, haina radi wala haraka. Mvua ya kukaa.

Shajara yangu, leo sina pa kuupeleka moyo ila hapa.

Habari ya mashine ya stakabadhi unaijua kidogo. Ililetwa kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya duka letu la ushirika, ili kila anayenunua apewe karatasi iliyopigwa chapa, yaishe maneno kwamba huyu kapewa sukari na yule kanyimwa. Ilikuja na kijitabu cha Kiingereza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne, Meneja alinipa nikisome, nimweleze mashine inataka nini. Nilikisoma kwa woga, kama mtu aliye kwenye mtihani. Inataka roli ya karatasi yenye upana wake, si nyingine. Inataka utepe wake wa wino. Umeme haitaki, ina mpini wa kuzungusha kwa mkono. Inataka meza imara isiyotikisika, na unyevu wa bahari usiifikie.

Hiyo meza ndiyo iliyokuwa tumaini langu.

Wazee walipokuja kuniposa kwa ajili ya Makame, kijana fundi wa mashua, Baba aliwajibu kwamba kijana hana kasoro, lakini binti yake hataolewa Jibondo, kisiwa cha kungojea maji ya kunywa yaletwe kwa mashua. Makame akipata kazi huku Kilindoni, warudi. Basi Meneja akasema ushirika unahitaji seremala. Makame atengeneze meza ya mashine, ikifaa, kazi ni yake. Nilishukuru Mungu. Mtu aliyezaliwa kwenye uundaji wa vyombo, meza itamshinda nini?

Nilimweleza mimi mwenyewe, dukani, Meneja akisikia. Iwe imara, iwe na kifuniko, unyevu usipenye. Makame akacheka.

"Bi Karani, mimi naunda vyombo vinavyolala majini. Meza yako imelala nchi kavu, itaniaibisha?"

Aliileta Jumapili, na sijaona meza nzuri kama ile. Maungio ameyaziba kwa pamba, kama chombo kinavyozibwa kisivuje, na mbao zote amezinywesha sifa, yale mafuta ya papa. Kwao hakuna ubao unaoachwa kwenye hewa ya bahari bila kupakwa sifa. Ilinuka, ndiyo. Wanawake kwenye foleni wakatutania, mmoja akauliza kama leo wamekuja kununua sukari au kupanda chombo kwenda Rufiji. Nikacheka nao. Kwangu ilikuwa harufu ya nyumba nitakayokaa. Tukaiweka mashine, tukapanga roli zote za karatasi ndani ya mtoto wa meza, tukafunika vizuri.

Leo amekuja mkaguzi kutoka makao makuu ya ushirika kuona mashine ikifanya kazi. Duka lilijaa. Baba alisimama karibu na mlango, amevaa kanzu safi, na nilijua kwa nini ameivaa.

Nikazungusha mpini. Karatasi ikatoka inang'aa, inapenyeza mwanga kama ngozi ya ngisi. Wino ulikuwa umetawanyika, tarakimu zote zimekuwa madoa. Nikatia roli nyingine. Vilevile. Mafuta yalikuwa yametoka kwenye mbao yakaingia kwenye karatasi, na karatasi nyingine hatuna.

Mkaguzi hakupaza sauti. Aliuliza tu nani aliyepaka mafuta pahali pa mali ya umma, na kama alitumwa na mtu. Neno hujuma hakulitaja, lakini kila mmoja wetu alilisikia.

Kijitabu kilikuwa mkononi mwangu. Ndani yake umo mstari unaosema karatasi ikae mbali na mafuta. Niliusoma, nikamfasiria Meneja. Makame sikumwambia. Nilidhani ni habari ya mikono yangu mimi, nisishike karatasi nikiwa nimetoka kula samaki. Haikunijia kwamba kwa mtu wa Jibondo, kuzuia unyevu na kupaka sifa ni kazi moja.

Nilifungua kinywa. Makame akanitangulia.

"Mafuta ni yangu, Ndugu. Karani hakuniambia nipake."

Kweli tupu. Hakuna hata chembe ya uongo ndani yake, na kwa kweli hiyo akaniziba kama azibavyo maungio.

Ikaamuliwa kwamba mashine irudi Dar es Salaam kwa meli ijayo, na ushirika utafute seremala mwingine. Nilipotazama mlangoni, Baba hakuwapo.

Nilimkuta Makame nje, anafunga zana zake kwenye gunia. Nikamwambia narudi ndani kusema. Hakuinua kichwa.

"Tulia. Wakikufukuza na wewe, meza yangu itakuwa imekwenda bure."

Akajitwisha gunia. Alipofika njiani akageuka.

"Lakini haivuji," akasema.

Kisha akashuka pwani, kwenye mashua ya kwao.

Alasiri nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba wale wazee wapelekewe jibu, posa imekataliwa. Sikuitwa. Mama aliniacha nikune nazi peke yangu jikoni, asiingie mtu. Hiyo ndiyo huruma aliyokuwa nayo.

Kabla ya Magharibi nilirudi kufunga duka. Meza wameitoa nje, wameiweka chini ya mchirizi wa paa kama kitu cha kutupwa. Maji yalikuwa yakiviringika juu yake na kudondoka. Nikavuta mtoto wa meza, nikapitisha kiganja ndani, pembe zote.

Pakavu.

Nililia pale, mvua ikanisitiri.

Kesho nitakwenda kwa Meneja na kijitabu changu, nimsomee mstari ule, nimwambie nani hakuambiwa na nani hakumwambia. Naogopa. Kazi yaweza kuniponyoka, na Baba si mtu wa kurudia neno lake. Nimeandika ili nione haya nikirudi nyuma.

Na huko Jibondo, nani atakwenda kumwambia kwamba nimeshika kwa mkono wangu, na haivuji?