Nyinyi ya Bondeni

Jumanne, 6 Agosti

Miguu inawaka moto lakini moyo mweupe. Tumepanda kwa baiskeli hadi bwawa la kwanza la mlima Grimsel na kurudi, mimi na Bwana Otth. Zamani Jumanne tulikuwa watano. Wawili sasa wana baiskeli za umeme na hawatungoji, wa tatu goti limemkatalia. Tumebaki sisi.

Mto ulikuwa na rangi ya maziwa, barafu inayeyuka kwa joto hili. Upepo unatusukuma mgongoni. Raha!

Kabla hatujafika Guttannen akanigeukia: "Bi Tännler, mnajisikiaje?" Nikamjibu, "Vizuri, asanteni. Na nyinyi je?" Tukapita bango la kijiji, na mzee yule yule akaanza kunifokea: "Rosmarie, punguza gia wewe! Unataka kujiua?" Maana bango lile ndilo mita elfu moja juu ya bahari. Juu yake hakuna nyinyi, ile ya heshima tunayomwambia hata mtu mmoja; ni wewe tu. Wapanda milima ndio walioanza, nasi wa baiskeli tukadandia. Ila huku bondeni, mtu ambaye hujanywa naye glasi ya kuvunja nyinyi anabaki kuwa nyinyi, hata mkijuana miaka sita. Wakati wa kushuka Mholanzi mmoja aliyekuwa akijaza maji pale kijijini alitusikia tukibadilika. Akadhani tumegombana. "Hapana," nikamwambia, "tumeshuka tu." Alicheka hadi akamwaga maji yake.

Kimfuko cha Bwana Otth, kile cha mbele ya usukani, kinalia kling kling kila akipita shimo. Kimeanza tangu theluji iondoke barabarani. Nimemwuliza tena mna nini humo. "Vifaa," anasema. Miaka thelathini dereva wa basi la posta, mtu asiyevumilia skrubu moja kulegea, na kimfuko kinalia kama kengele ya mbuzi!

Sasa hili. Kule juu tukitafuna mkate na jibini akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba binti yake Brigitte amempatia nyumba Winterthur. Karibu na wajukuu. Wenye nyumba wanataka jibu wiki ijayo, Ijumaa. "Ungekuwa wewe ungefanyaje, Rosmarie?" Nikasema Winterthur hakuna milima. Akasema ni kweli, hakuna. Tukatazama maji. Nilikuwa na mengine ya kusema, nikakata kipande kingine cha jibini.

Mlangoni kwangu: "Asanteni kwa safari, Bi Tännler. Mpumzike vyema."

Nipumzike vyema! Nimekaa hapa natafuna kalamu.

Alhamisi, 8 Agosti

Dori kapiga simu kutoka Thun. Dada yangu huyu hawezi kungoja mtu amalize sentensi. Nilipofika tu kwenye Winterthur: "Na wewe umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Rosmarie, usinitie wazimu. Mwanamke ndiye anayevunja nyinyi. Akianza mwanamume ni utovu wa adabu, na Otth wako yule atazikwa na adabu yake mfukoni."

Nikasema siyo wangu. Nikasema labda hataki. "Miaka sita anakufuata milimani," akasema Dori, "unafikiri anapenda kutokwa jasho?" Nikamkatia simu. Kisha nikampigia kumwomba radhi, naye alikuwa bado anacheka.

Bwana Otth alipita jioni kuchukua mayai yake sita kama kila Alhamisi. Kuku wazima, nyinyi wazima, asanteni, kwaherini. Dakika mbili.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua. Nimesafisha mnyororo, nimeupaka mafuta. Nikajaribu mbele ya kioo, kwa jina lake la kwanza: "Werner, umefika wakati tunywe, tuimalize nyinyi yetu." Nilionekana kama mtu anayeuza bima. Nikajicheka peke yangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekutana naye dukani, kwenye jibini. Shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji. Nafasi ndiyo hiyo! Nikavuta pumzi. Bi Zenger wa jibini akatukodolea macho, kisu kimesimama hewani. Nikapiga moyo konde, nikasema — Mungu wangu — "Viazi vyenu vinaonekana vizuri."

"Asanteni," akasema. "Vyenu pia."

Sikuwa na viazi. Nilikuwa na malimau mawili.

Jumanne, 13 Agosti

Milima mitatu kwa siku moja! Grimsel, Furka, Susten, mzunguko mzima. Tumetoka alfajiri kabla pikipiki hazijaamka. Wazo lilikuwa langu. Kama atahama, nilitaka tuwe tumezunguka mara moja zaidi. Sikumwambia hivyo, nilimwambia hali ya hewa ni nzuri.

Baada ya Guttannen ikaja wewe, na wewe hiyo ikadumu asubuhi nzima. Juu ya Grimsel tukaingiza magazeti kifuani kwa ajili ya baridi ya mteremko. "Umejifunga sawasawa?" akaniuliza, akanivuta zipu hadi kidevuni. Nina miaka sitini na moja, nikasimama nivutwe zipu. Furka ilinitoa roho. Jua utosini, kona haziishi. Yeye akabaki nyuma yangu akiimba, na hana sauti, maskini, lakini aliniimbia hadi juu. Andermatt tukanunua keki ya njugu tukaila tumesimama, makombo kila mahali. Kisha korongo, malori, kelele, chini, chini.

Na Wassen iko chini ya mita elfu moja. Nilisahau kabisa! Tumeketi mkahawani, tunanuka jasho wote wawili, goti langu karibu liguse lake, naye akafungua menyu: "Bi Tännler, mtakunywa nini?"

Nilitamani kumtupia kikopo cha chumvi.

"Kahawa. Na nyinyi kunyweni mnachotaka."

"Nimewakosea jambo?"

"Hamjanikosea kitu."

Mhudumu akatutazama, huyu, kisha huyu. Akaandika kahawa mbili akaenda zake.

Susten niliipanda kwa hasira. Sijawahi kuipanda vizuri hivyo! Alinikuta juu, mdomoni mwa handaki, nimeshamaliza ndizi. Barafu inang'aa ng'ambo, hewa baridi tamu, na hasira imeniisha yote. Ningefanyaje.

"Umenikimbia," akasema, anahema.

"Wewe ndiye uliyekuwa unajikokota."

Akacheka. Akafuta miwani. Halafu: "Ijumaa saa moja jioni Brigitte atapiga simu. Sijui nitamwambia nini, Rosmarie." Ananitazama mimi! Nikafungua mdomo, na basi la watalii likachomoza handakini, wakamiminika nje, wakataka tuwapige picha. Tukawapiga. Kumi na nane, mara tatu, kwa sababu mmoja alikuwa anafumba macho.

Mteremko ulikuwa mzuri mno, majani yamekatwa, bonde zima linanukia. Yeye mbele, mimi nyuma. Tukapita Gadmen. Tukawa chini ya elfu moja, hata sikugundua. Kwenye kona moja ya kushoto niliona, kwa sababu nilikuwa juu yake kidogo, trekta ya majani inatoka ghalani kinyumenyume. Yeye alikuwa haioni.

"Werner! Simama! Wewe, simama!"

Siyo simameni. Simama.

Akabana breki. Gurudumu la nyuma likateleza, akaubamiza ukuta wa mawe kwa kiwiko na usukani, kimfuko kikaminywa katikati. Trekta ikapita mbele ya pua yake. Mwenye trekta akatoa kichwa: "Nyinyi wazee, mnakimbilia wapi? Makaburi hayafungwi!" Akaondoka.

Mzima. Mkwaruzo tu. Werner alinitazama. Akatazama kile kisaa cha usukani kinachoonyesha kimo. Kisha akafungua kimfuko, akachungulia, akakifunga upesi, na uso ukamshuka.

"Kuna kilichovunjika?"

"Vifaa," akasema. "Asanteni, Bi Tännler. Mmeniokoa."

Mmeniokoa!

Tukateremka hadi nyumbani. Kimfuko hakikulia tena.

Jumatano, 14 Agosti

Dori anasema yowe halihesabiki. Hata ng'ombe wa rais ungempigia yowe ungemwita wewe. Lazima useme ukiwa umetulia, mpeane mkono, mgonganishe glasi. Otth hakosi adabu, anasema, Otth anangoja. Nikasema nimechoka na watu wa nchi hii. "Wewe ni mtu wa nchi hii," akasema.

Siwezi kushuka ngazi isipokuwa kinyumenyume. Mapaja! Hata hivyo, milima mitatu. Kuna vijana hawaiwezi.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku ya mayai. Hakuja.

Nimeyaweka nje kwenye kiti hadi giza lilipoingia, kisha nikayarudisha ndani.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika chumbani, nimesimama, haraka haraka.

Kengele ya mlango, saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nakanda unga nisifikirie saa moja. Bwana Otth. Shati lile la pasi, plasta kiwikoni. Mkono mmoja chupa ya mvinyo mweupe inayotoka jasho, mkono wa pili soksi ya sufu.

"Bi Tännler, samahanini kwa kuwasumbua. Jana sikufuata mayai. Nilikuwa na aibu." Nikadhani anaaga. Nikadhani amekuja na mvinyo wa kuniaga. Lakini akaipindua soksi, ikatoka glasi ndogo. Moja.

"Zilikuwa mbili," akasema. "Tangu Aprili nazibeba. Nilidhani labda siku moja, mahali fulani huku chini, mtapenda... Nyingine ilivunjika pale kwenye trekta." Masikio mekundu, yote mawili. "Mimi siwezi kuanza. Mnajua siwezi."

Kling kling! Aprili, Mei, Juni, Julai, na mimi nadhani skrubu! Amezipandisha Grimsel sijui mara ngapi, amezishusha, amezipandisha tena, mtu mzima na magoti yake, na juu kule hazina kazi kabisa, zina kazi huku chini tu. Nilicheka, na machozi kidogo yakaja pia, na unga hadi kwenye nyusi. Nampenda mzee huyu na adabu zake. Haya, nimeandika.

Ile hotuba ya kwenye kioo ilinipotea yote. Nilishika kitasa, nikatulia, nikasema neno moja.

"Ingia."

Hakusogea. "Mmesema?"

"Nimesema ingia, Werner. Mvinyo unapata joto."

Akavua viatu. Akavipanga kando ya ukuta, ncha zikilingana, bila shaka. Mkono nilimpa huo huo wenye unga, akaushika muda mrefu kuliko inavyotakiwa, ukamgandia unga naye hakuufuta.

Nikakimbilia huku kubadilisha blauzi. Mlango nimeuacha wazi. Simu yake ameiweka mezani kwangu, imelala kifudifudi karibu na chupa, naiona kutoka hapa. Zimebaki dakika chache. Hajasema atamjibu nini Brigitte, nami sijauliza. Vifungo vimekataa. Jikoni anafungua makabati yangu, moja, la pili, nasikia sahani. Sasa ametulia.

"Rosmarie!" anaita. "Glasi unaweka wapi?"