Nimeing'arisha Saa ya Baba, Sasa Wifi Anaitwa Mwizi

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia. Baba yangu ni dereva wa treni mstaafu, na tangu presha ya macho imtie upofu anaishi kwa kaka yangu, ambako wifi, mke wa kaka, ndiye anayemwogesha, anayemlisha na kumkata kucha. Kitu pekee cha fahari alichobaki nacho ni saa aliyovishwa na marehemu mama siku aliyostaafu, yenye mkanda wa chuma uliochovywa dhahabu, na tangu mama afariki hukaa dirishani akiusugua mkanda ule kwa kidole gumba, palepale karibu na kifungio, hadi dhahabu ikaisha na chuma kikaingia kijibonde. Mimi niliona aibu, mzee wa heshima avae saa yenye mabaka, basi alipolazwa hospitali nikaichukua kimyakimya kwenye droo, ambayo wifi alisahau kuifunga, nikampelekea sonara, akasawazisha kile kijibonde, akaichovya upya, ikarudi inawaka, nami nikamvalisha baba aliporudi nyumbani nikingoja afurahi, nikasahau kwamba haoni.

Alipitisha kidole mara moja tu, akaivua. "Hii siyo yangu. Nimepofuka macho, sijapofuka mkono. Ya mama yenu mmeifanya nini?" Kaka akaitazama, akasema kweli, hii ni mpya. Kabla sijajibu baba akauliza funguo za droo alibaki nazo nani, na aliyebaki nazo ni wifi. Tangu hapo baba hali chakula cha mkono wake. Shangazi zangu wakaitwa, wakamhoji wifi sebuleni mbele ya watoto wake, nami nimekaa palepale natazama zulia. Wifi hakulia. Aliniambia jikoni, "Wifi, nimemwogesha baba yenu kama baba yangu. Leo naitwa mwizi. Jumamosi narudi kwetu."

Nimerudi kwa sonara, anasema anaweza kuikwangua dhahabu na kukirudisha kijibonde, halafu nimwambie baba saa yake imepatikana, yaishe. Nifanye hivyo? Naogopa akijua ni mimi hatanisamehe, na hana muda mrefu.

Binti wa Dereva

JIBU

Pole, mwanangu. Nia yako ilikuwa njema, hilo nakupa, ila pole yangu inaishia hapo. Saa ya mtu asiyeona ulimng'arishia nani? Uliwang'arishia wageni. Baba yako hakuwa na aibu na yale mabaka. Saa ile ndicho kitu cha mke wake alichoweza bado kukishika.

Na huo ujanja wa sonara umeufikiria vizuri? Saa "ikipatikana" wataulizana ilikuwa wapi, na kila mtu atajijibu moyoni kwamba wifi ameirudisha kwa woga. Utakuwa umempiga muhuri wa wizi kwa mkono wako mwenyewe, tena umemdanganya kipofu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeshafika ukutani.

Usingoje Jumamosi. Waite shangazi walewale, sebuleni palepale, watoto wawepo, kwa sababu aliyevuliwa nguo hadharani havikwi chumbani. Sema, "Saa niliichukua mimi, wifi hakujua." Usianze na habari za kutaka kumfurahisha baba, hizo ngoja uulizwe. Mwombe wifi radhi kwanza, ndipo umgeukie mzee: "Baba, ni ileile ya mama. Nimeifuta alama yako." Atawaka. Mwache awake, wala usilie ili akuhurumie. Baada ya hapo chukua likizo, uhamie hapo, umwogeshe wewe, wifi akaone kwao kwa hiari yake na arudi akipenda.

Dhahabu usiikwangue. Mvalishe saa yake, kaa naye dirishani, na akianza kusugua nyamaza. Dhahabu ya kuchovya ni nyembamba, kidole chake kinaijua kazi hiyo. Huenda asimalize. Siku saa hiyo itakapobaki mkononi mwako, fumba macho, papasa karibu na kifungio, utajua alifika wapi.