Nyama Uliyoikaanga Asubuhi

Jovitha mkwe wangu,

Nimekwenda msibani Keza, nitarudi jioni. Ndizi nimeshamenya, zimo kwenye beseni. Kitimoto kibichi kilichobaki kimo kwenye sufuria nyeusi, nimekitia chumvi na ndimu. ~~Kichemshe kwanza mpaka nyama iachie mfupa.~~ Kikaange unavyojua wewe. Baba mkwe wako mpunguzie mafuta, ana presha.

Asubuhi nimekukosea. Umeamka mapema kuwakaangia wifi zako, mimi nikaja nikakumwagia nyama yote ya kikaangoni kwenye maji ya moto, nao wanaangalia! Mama yangu alitulea tukiogopa minyoo ya nguruwe. Kwetu nyama hiyo haikaangwi kabla haijachemka ikachemka tena. Hata hivyo, ningekuita pembeni. Ulibeba ndoo ukaenda kisimani, na mpaka naondoka hujarudi.

Sabuni ya kuoshea vyombo iko dirishani. Kikaango usikitafute, nimeshakiosha mwenyewe. Kipande kimoja kilikuwa kimenasa humo, nikakila nimesimama.

Kilikuwa kimeiva, mwanangu. Mpaka kwenye mfupa.

Mama mkwe wako