Nilidanganya Kuhusu Mrija wa Jicho la Mume Wangu

Mpendwa Mama Aurélie, mshauri wetu wa redio, naomba unisaidie, maana kuna neno nililolisema zamani na sasa linaweza kumpofusha mwanangu.

Ninaitwa Feza, niko hapa Kasongo. Mume wangu Ayoubu alifariki kwa malaria miezi miwili iliyopita, na bado niko edani. Alikuwa na glakoma, ile presha ya macho, jicho la kushoto lilikufa kabla hatujajua, la kulia likawa linafunga pembeni kidogo kidogo, dawa za matone zikashindwa, ndipo daktari wa macho kule Bukavu akasema atamwekea mrija katika hilo la kulia ili maji yanayolibana yapate njia ya kutoka. Alituonyesha kijibao cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na mrija mwembamba kama uzi mnene wa kushonea magunia, na hadi leo nashangaa kwamba mikono ya binadamu ilishona kitu kile juu ya jicho la mume wangu, naye siku ile ile akaomba chai.

Daktari alisema wazi kwamba mrija haurudishi kilichopotea, unalinda kilichobaki. Lakini Sumaili, kaka mkubwa wa Ayoubu, alikuwa amekataa, na kwetu mkubwa wa familia akikataa mgonjwa hapasuliwi, basi nikamwambia, "Shemeji, macho yote mbili itafunguka." Akakubali.

Tuliporudi watu walijaa uani kumjaribu. Mtu anasimama kushoto, upande wa jicho lililokufa, ambako la kulia halifiki, anainua mkono, anamwita kwa jina la binti yetu: "Papa Mwanvua, iko vidole ngapi?" Mimi nimekaa nyuma yake, namgusa mgongoni mara nne.

"Iko ine," anasema Ayoubu, "na kucha iko chafu!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini siku moja nilikuwa sokoni, Sumaili akaja, akasimama kushoto, akauliza, Ayoubu akanyamaza. Tangu hapo Sumaili anasema mrija ni uongo, na siku ya mazishi alisema mbele ya wote, "Walimutia mupira mu jicho, ikafika mu bongo, sasa iko mu kaburi."

Na jicho la kulia, Mama? Lilibaki vile vile miaka minne. Kila asubuhi alishika ungo akachambua mchele, kijiwe hata kidogo kama punje ya ulezi hakikumpita, alivikusanya kwenye kifuniko cha chupa na akimaliza ananionyesha. Upande huo hakuna aliyekuja kuujaribu.

Sasa binti yetu Mwanvua, mshonaji wa miaka ishirini na minane, ana ugonjwa huo huo. Matone hayatoshi tena, anagonga bega mlangoni, na daktari yule yule amempa tarehe ya kuwekewa mrija, majuma matatu kutoka leo. Sumaili amekataa. Mwanvua mwenyewe ananiambia, "Mama, papa walimutia na hakuona." Nikisema ukweli watasema marehemu aliwachezea watu, na nikinyamaza mwanangu hataenda. Nifanye nini?

Feza, Kasongo

*

Mama Mwanvua, pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ule mchele wa asubuhi umenigusa moyo.

Lakini ulikosea, tena vibaya. Mrija ule ulifanya kazi yake miaka minne bila kuchoka, nawe ukaupa kazi isiyo yake, kisha ukauacha utukanwe kwa kushindwa. Na usijifiche nyuma ya marehemu. Yeye alikuwa anataniana na wageni. Anayeogopa aibu ni wewe.

Nimemuuliza daktari mmoja wa macho. Mrija huo unaingia sehemu ya mbele ya jicho, maji yanapita humo hadi kwenye kijibao kilichoshonwa chini ya ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, na mwili unayanywa. Hakuna njia ya kwenda kwenye ubongo. Ni kazi ya kustahiwa, ila si mchezo: unaweza kuziba, presha inaweza kushuka kupita kiasi, vijidudu vinaweza kuingia. Kwa hiyo Mwanvua akipewa tarehe ya kurudi, arudi, asisugue jicho, na matone asiyaache mpaka daktari aseme.

Sasa sikiliza. Uko edani, huwezi kwenda kwa Sumaili, basi mwite aje kwako, wiki hii, na Mwanvua akae hapo hapo. Anza na neno "nilidanganya", machozi yafuate baadaye. Waeleze ulivyomgusa mgongoni, na kwamba jicho walilokuwa wanalijaribu halikuwekewa kitu. Sumaili akifoka, mwache afoke. Mwanvua amwombe baba yake mkubwa radhi kwa heshima, lakini ni mtu mzima na macho ni yake: hata akinyimwa, aende.

Jambo la mwisho. Sumaili na Ayoubu wamezaliwa tumbo moja, na ugonjwa huu hutembea katika damu, hauumi, hautoi taarifa. Shemeji yako akimaliza kukugombeza, muulize kwa upole macho yake yalipimwa lini. Kama hajapimwa, binti asisafiri peke yake. Sumaili amsindikize Bukavu, na akifika huko, naye apange mstari.