Gari Bado Iko?

Mpendwa Mama Maximilla, naomba msaada wako kabla sijaliuza gari langu, maana shemeji yangu amenipa muda hadi Idi, na mnunuzi amekwisha kuja kuligongagonga mabati, na nilipomwona yule mtu akipiga teke magurudumu nilisikia kama anapiga miguu yangu mwenyewe.

Naitwa Bruhan, nakaa Jinja, upande wa Kimaka, nimeuza spea za magari karibu maisha yangu yote na si mtu wa kulialia, niulizie popote mjini. Miaka minne iliyopita mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka wenyewe, nikadhani ni uchovu, halafu mguu ukaanza kuburuta, halafu sauti ikapungua, na daktari mmoja huko Mbale akanitembeza huku na huku chumbani mwake, akaniambia huu ni ugonjwa wa Parkinson, hauponi lakini una dawa, na mtu akijipanga anaishi nao miaka mingi. Nikajipanga. Dawa nameza kwa saa zake, ikiwa imeshika natembea vizuri hadi watu wanasema nimewadanganya, ila ikiisha nguvu kabla ile nyingine haijashika, miguu inagoma, naweza kusimama mlangoni pa duka la watu kama nimegundishwa sakafuni, na wateja wanapita kwa ubavu.

Ndiyo maana nikalinunua lile gari. Ni gari la kulala, la wale watalii wanaozunguka nchi wakilala humohumo, lina kitanda nyuma, jiko dogo, choo chake chenye mfuniko, na fundi ameniwekea bomba la kushikilia mlangoni. Majirani wanacheka kwamba nina gari la kulala ambalo halijalala nje hata mara moja, na ni kweli, usiku mimi nataka kitanda changu cha Kimaka, gari ni la mchana. Dereva ni mke wangu Shamira, alijifunza ukubwani na sasa anayapita malori kwenye barabara ya Kenya bila kuuliza mtu. Tunatoka asubuhi, tunakwenda Budondo kuangalia mto au tunafika mpaka Mbale, dawa ikiisha najilaza nyuma, nangoja ile nyingine ishike, nainuka, naendelea na siku yangu, na jioni tuko nyumbani. Mama, siku hizo ndizo zinazonifanya nijione bado mtu mzima na si mzigo wa kuwekwa kibarazani.

Sasa sikia balaa. Mama mkwe wangu anakaa Busiu, na wewe unaijua desturi, tangu nimuoe binti yake sijakaa naye chini ya paa moja, sijampa mkono, tukikutana njiani mmoja anapinda. Tukienda kumwona, gari tunaliacha senta, pale madukani kando ya barabara, Shamira anakwenda nyumbani kwao na mimi nabaki. Siku hiyo nilikuwa nimejilaza nyuma nangoja dawa, blanketi hadi kichwani, Shamira ameshuka kununua ndizi, mvua ikamwagika ghafla. Mama mkwe alikuwa anatoka mashineni na unga wake kichwani, akaona gari la binti yake, akafungua mlango, akaokoa unga kwanza, akaingia na yeye, akaketi kitandani akamue leso yake. Nimesema kitandani kwa adabu tu. Aliketi juu ya miguu yangu.

Nikashtuka, "Nani huyo?" Naye akauliza, "Nani iko humu?" Nikatoa kichwa kwenye blanketi. "Yarabi, mukwe!" Akaruka nje kwenye mvua, unga ukabaki, ndala zake zikabaki. Na mimi nikipata mshtuko ugonjwa huu unapanda mara moja, basi nikajikokota hadi mlangoni nimwombe radhi, nimeshika lile bomba, mkono unatetemeka, mguu unatetemeka, kidevu kinatetemeka, na baraza la duka lililo mbele yetu limejaa watu waliojikinga mvua, wanamwona mama anakimbia pekupeku na mkwe wake yuko mlangoni nyuma yake anatikisika.

Unajua huku kwetu kutetemeka kunaitwaje. Wanaita buko, ugonjwa wa mtu aliyevunja mwiko na wakwe zake. Mwenye bodaboda mmoja alisema kwa sauti, "Eeh! Buko imemushika hapo hapo, sisi tumeona na macho!" Shamira aliporudi na ndizi zake, habari ilikuwa imekwisha kufika Mbale.

Wazee wa Busiu walikaa, wanataka mbuzi na nguo ya mama, na hilo sina ubishi nalo. Lakini shemeji yangu Wamboga, kaka yake Shamira, anasema mbuzi hatoshi. Alikuja mpaka Jinja, akalizunguka gari, akachungulia ndani, akasema, "Shemeji, hii si gari. Gari haina kitanda. Hii ni nyumba, na wewe na mama mulikuwa ndani ya nyumba moja." Nikamwambia lina namba ya usajili, nyumba gani husimamishwa na trafiki? Hakucheka. Shehe wangu anasema katika dini mama mkwe ni kama mama mzazi, hakuna dhambi hapo, lakini Wamboga anasema shehe hakai Busiu. Anataka liuzwe kabla ya Idi, la sivyo Shamira asikanyage kwao.

Tangu mvua ile gari halijatoka. Mwili unakuwa mgumu, nauona, juzi kifungo cha shati kilinishinda nikamwita mke wangu kwa aibu. Unga Shamira aliurudisha siku ileile, lakini zile ndala hakuziona, ziliingia chini ya kitanda, na mimi sithubutu kuzigusa. Mama naye nasikia hatoki, sokoni anatuma mtu. Kila wiki ananitumia malewa, ile mboga yao ya machipukizi ya mianzi, kwa kondakta wa taksi, na kondakta ananiletea maneno yaleyale, "Mama anauliza, gari bado iko?" Maana yake naijua, anataka kusikia limeuzwa ili aibu imwishe, na mimi sijapata la kumjibu. Hata jina la ugonjwa wangu halijui. Miaka yote hii nikienda Busiu mkono nauficha mfukoni, asije akadhani binti yake aliolewa na mtu mbovu.

Shamira anasema nisiuze. Wamboga anasema niuze. Nami nipo katikati na mnunuzi mlangoni. Nisaidie.

Bruhan, Kimaka

*

Bruhan, mwambie huyo mnunuzi aondoe mguu wake kwenye magurudumu ya watu.

Pole sana kwa ugonjwa, na hongera kwa jinsi ulivyojipanga nao. Nisamehe pia, maana nilipofika pale mama alipokamua leso nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nikaacha kucheka nilipofika kwenye kifungo cha shati.

Sasa tuongee. Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, nimeolewa Mbale, na nina wakwe wawili wa kiume. Mmoja akisikia nakohoa tu anaruka ua. Kwa hiyo usitegemee nikuambie kwamba desturi hii imepitwa na wakati. Heshima ya mama mkwe iliguswa, hata kama ni mvua iliyoigusa. Peleka mbuzi, peleka nguo, tafuta nguo nzuri, na usianze kubishana kuhusu ukubwa wa mbuzi kama mtu anayenunua spea.

Lakini mbuzi ni wa heshima. Mkono wako una dawa zake. Haya ni mambo mawili, na mmeyapika katika sufuria moja. Mama yule hakukutia ugonjwa. Ulikuwa unatetemeka miaka minne kabla hajakaa kwenye miguu yako, umeandika mwenyewe hapo juu.

Na nani aliyeyachanganya? Unamlaumu mwenye bodaboda. Mimi nakulaumu wewe. Miaka yote hiyo umekwenda Busiu umetia mkono mfukoni, halafu siku ya kwanza watu kuuona unatikisika ndiyo siku wanamwona mkweo anakimbia pekupeku kutoka kwenye gari lako. Ningekuwa mimi kwenye lile baraza ningesema vilevile, na kwa sauti kubwa zaidi. Hukuwapa jina la ugonjwa wako, wakaupa jina walilokuwa nalo. Uliogopa aibu yako, na aibu hiyo ikaenda kukaa kwa mwingine. Wewe una daktari, una mke anayeyapita malori. Yule mama ana mlango tu wa kujifungia, na nje ya mlango huo watu wanasema yeye ndiye aliyemharibu mkwe wake. Umeandika barua ndefu, Bruhan, na hilo hukuliwaza hata mstari mmoja.

Tuje kwa shemeji yako. Usibishane naye kama ni gari au ni nyumba, utapoteza muda na yeye atapata wasikilizaji. Mkubalie, sawa, ni nyumba. Basi iendeshwe kama nyumba yenye adabu. Mwite yule fundi aliyekuwekea bomba, atenganishe mbele na nyuma kwa ubao au kwa pazia zito. Mbele ni kwa Shamira na mama yake. Nyuma ni kwako na dawa zako. Mlango wa nyuma uwe na komeo la ndani ambalo Shamira anaweza kulifungua kwa nje kwa ufunguo, maana wewe ni mgonjwa na sitaki ukwame humo. Na ukijilaza, tundika kofia yako kwenye kishikio cha mlango, nje, ionekane. Wakiiona kofia, Busiu nzima watajua mkwe yumo ndani, na mvua inyeshe inavyotaka.

Wamboga anasema Shamira asikanyage kwao. Kwao ni kwa nani? Mwenye mlango ule yuko hai. Mzee wa upande wako apeleke mbuzi, na akiisha kumkabidhi aseme mbele ya wote, Wamboga akiwemo, kwamba Bruhan ana ugonjwa unaoitwa Parkinson, ulimwanza mwaka fulani akiwa dukani kwake Jinja, na mama hahusiki kwa lolote katika hilo. Aliseme mara mbili. Baada ya hapo wewe mwenyewe nenda senta, kwenye baraza lilelile, mchana, mkono ukiwa nje ya mfuko. Utatetemeka, ndiyo. Tetemeka. Meza dawa yako watu wakiona, mnunulie yule mwenye bodaboda soda, mweleze. Wale waliotangaza uongo kwa kasi ile watatangaza na ukweli, wao kazi yao ni kutangaza.

Kabla ya yote hayo rudi kwa daktari wako umweleze juu ya kifungo cha shati. Halafu toka. Si lazima uanze na safari ndefu, anza na Budondo, uangalie mto wako, urudi. Ulilinunua gari lile kwa akili yako timamu na lilikuwa linakufaa, nakusifu kwa hilo. Kuliuza ili umfurahishe mtu aliyechungulia dirishani ni ujinga, na hukuniandikia nikuite mjinga, lakini nimelazimika.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Umesema swali la mama unaijua maana yake. Huijui. Malewa si kitu cha kuchuma na kufunga kwenye mfuko tu, yana kazi kubwa, na mwanamke anayetaka ufutike machoni pake hahangaiki kuyapika kila wiki kwa ajili yako. Angenyamaza. Sisi akina mama wakwe hatuwezi kumuuliza mkwe, "Mnakuja lini?" Ni kumshurutisha, ni kujipendekeza, haifai. Mimi nikimkosa binti yangu namuuliza mumewe, kwa kupitia mtu, barabara ya huko ikoje siku hizi. Na mkwe wangu yule anayeruka ua ana akili, hanijibu habari za lami. Wiki hiyohiyo namwona binti yangu mlangoni.

Kwa nini mama aulize habari za gari? Kwa sababu binti yake hufika akiwa ndani ya gari hilo. Amekuuliza kila wiki, nawe umemnyima jibu kila wiki, na yuko ndani amejifungia akidhani limeuzwa kwa sababu yake. Wala usiniambie anazitaka ndala tu.

Kwa hiyo usingoje mbuzi. Leo hii mwambie Shamira aingie garini, azitoe zile ndala chini ya kitanda, azifute tope, na aziweke mbele, chini ya kiti cha abiria. Kisha nenda stendi ukamtafute yule kondakta, mshukuru kwa malewa, na umtume kwa maneno ambayo hata akiyakoroga njiani yatafika mazima: "Mwambie mama, gari bado iko. Ndala yake iko kwa kiti ya mbele."